Mchanga Kwenye Pindo

Mimi si mtu wa kupekua mifuko ya mwanamume. Mama alipekua mifuko ya baba yangu kwa miaka kumi na minane, hakupata kitu isipokuwa ugoro, na siku baba alipohama alihama na mifuko yake. Mimi hupekua pindo. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha, alipokuwa akinifundisha kushona. Suruali zile za siku hizo zilikuwa na mapindo mapana chini, na mtu akienda mahali, mahali pale humfuata mpaka nyumbani kwenye pindo lake.

Ilikuwa Jumatatu ya mwisho ya Januari, mwaka wa sabini na tisa. Nilikuwa kwenye cherehani yangu barazani mwa duka la Jimale, huko Eastleigh, na suruali ya Phares, mchumba wangu, ilikuwa magotini mwangu. Alikuwa ameniletea niipunguze kiuno kwa sababu alikuwa amekonda. Hata hilo la kukonda lilikuwa linanisumbua, maana mwanamume aliyebakiza wiki chache kuoa hunenepa. Nilipofumua pindo la mguu wa kulia, mchanga ulimwagika kwenye gauni langu.

Ulikuwa mchanga mweupe kama unga wa ngano, na ndani yake vipande vya makombe. Nami niliambiwa kwamba wiki mbili zilizopita Phares alikuwa Kisumu, akikagua tiketi kwenye gari moshi kwa niaba ya mwenzake aliyekuwa mgonjwa.

"Nthoki," nikamwita mwenzangu wa cherehani ya pili. "Kisumu kuna mchanga kama huu?"

Nthoki alilowesha kidole, akauonja. Yeye ni mtu wa Machakos na haamini kitu mpaka akionje. "Una chumvi," akasema. "Ziwa halina chumvi, Nduta. Huyu wako alikuwa Mombasa."

"Labda alipita tu."

"Mtu akipita huchafua viatu. Huyu alikaa chini." Akarudi kwenye kazi yake, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Na hakuna mtu huenda kukaa kwa mchanga peke yake."

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini nilikuwa nimewaza hivyo hivyo kabla yake.

Jioni Phares alikuja kunichukua, kama kawaida yake, twende kwa miguu mpaka Bahati nilikoishi na Mama, kisha yeye ateremke Makongeni kwenye nyumba za reli. Alikuwa mrefu, mtaratibu wa kusema, na alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa akinisikiliza, kana kwamba maneno yangu ni madogo na yanaweza kudondoka. Nilimpenda kwa hilo. Jioni ile nilipomwona akiinamisha kichwa nilijiuliza ni nani mwingine anayeinamishiwa.

Halafu niliona kifungo. Kwenye mkono wa shati lake, wa kushoto. Vifungo vya Phares vyote nilivishona mimi, na mimi huvuka uzi, kisha huuzungusha shingoni mwa kifungo mara nne. Hiki kilikuwa kimeshonwa mistari miwili iliyonyooka, kwa uzi mweusi kwenye shati la bluu. Si yeye aliyekishona. Mwanamume hushona kifungo kama anayefunga mbuzi, na hiki kilikuwa kimeshonwa na mtu mwenye subira.

Tulipita Pumwani. Tulipofika karibu na Shauri Moyo nikauliza, "Kisumu kulikuwaje?"

"Kulikuwa tu Kisumu. Joto."

"Mlikula nini?"

"Samaki."

"Wa ziwa ama wa bahari?"

Akasimama. Watu waliokuwa wakitoka kazini wakatupita kushoto na kulia, na mmoja akatusukuma akatuambia tuhame njiani. Phares hakuhama.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Suruali yako. Na hiyo shati inamalizia." Nikamshika mkono, nikagusa kile kifungo. "Huyu ni nani?"

"Nduta, nikikuambia hapa hutaniamini."

"Hata madhabahuni sitakuamini. Sema tu."

Akaanza tena kutembea. "Si jambo langu peke yangu. Niliahidi mwenyewe ndiye atakusemea. Ijumaa niko off mpaka Jumatatu. Nitakupatia tiketi ya gari moshi, twende uone."

"Nione nini?"

"Mtu."

"Mwanamke?"

"Ndiyo," akasema. "Mwanamke."

Ningeweza kumwacha pale pale. Wazee wake walikuwa waje kwetu Jumamosi ya pili ya Machi, Mama alikuwa tayari ameazima viti kanisani, na kama kulikuwa na mwanamke pwani basi ilikuwa afadhali nimjue kabla viti havijapangwa. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona sura.

Usiku huo Mama aliniangalia nikila. Teresiah binti Mbuthia, mama yangu, hajawahi kumpenda Phares na hajawahi kumchukia. Anamchunga tu. Siku ya kwanza Phares alipokuja kwetu, Mama alimwuliza swali moja.

"Kwenu kule ziwani mtu akifa, mkewe huchukuliwa na ndugu yake. Wewe una ndugu aliyeoa?"

Phares alijibu kwamba anaye mmoja, Nahashon, fundi wa injini za mashua huko Mombasa, na ni mzima kabisa.

"Basi aendelee kuwa mzima," Mama akasema, akamwekea chai. "Binti yangu hatagawana mume. Siku nitakayosikia hivyo, hata kama amevaa pete, nitakuja kumchukua."

Huyo Nahashon sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa vipimo tu, vilivyoandikwa kwenye kipande cha karatasi, kwa maana mwezi wa sita mwaka uliotangulia nilikuwa nimeshona makoti mawili ya kitambaa kimoja cha kijivu, bitana ya kijani, moja la Phares na moja la kaka yake. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mama nilimwambia naenda na Nthoki kwenye harusi Machakos. Nilikuwa nimemkasirikia mtu mwongo, na hapo nikawa wa pili.

Ijumaa tulipanda gari moshi, yeye behewa la wanaume na mimi la wanawake, kama utaratibu ulivyokuwa, na sikumwona mpaka Mombasa. Niligundua kwamba hakuvaa koti lake la kijivu. Nilimwuliza liko wapi, akasema, "Lipo," akabadilisha mazungumzo. Jumamosi nililala Changamwe kwa binamu wa Nthoki. Phares alinieleza kwamba mtu huyo tutampata kwenye mashua ya watalii, ile inayoondoka alfajiri maji yakiwa yamejaa, kwenda ufuo wa Funguni.

"Mashua ya starehe," nikasema.

"Ni mashua tu."

"Wazungu wanalipa waje kutoka kwao wapande hiyo mashua, Phares. Mimi umewahi kunipeleka wapi? Bustani ya Arboretum. Tena tulinyeshewa."

Hakucheka. Siku nyingine angecheka, na kutocheka kwake nilikuongeza kwenye mambo niliyokuwa nikiyajumlisha.

Jumapili, kabla jua halijachomoza, tulifika gatini. Bahari ilikuwa imelala, rangi ya sahani ya bati. Wajerumani wapatao kumi walikuwa wamekwisha kuketi na kofia zao za ukindu, wakipakana mafuta mgongoni ingawa jua lenyewe halikuwepo. Katikati ya mashua kulikuwa na kioo sakafuni cha kutazamia samaki. Na nyuma kabisa, kando ya injini, kati ya birika mbili kubwa na beseni la mahamri lililofunikwa kwa kitambaa, alikuwa ameketi mwanamke.

Alikuwa mweusi wa kupendeza, macho makubwa, shingo ndefu. Alikuwa amevaa koti la kijivu la kiume. Upepo ulilifunua kidogo nikaona bitana ya kijani.

Nilisimama na mguu mmoja gatini na mwingine hewani. Nahodha akanishika mkono akaniambia, "Karibu, dada, mashua haing'ati." Nikaingia. Sijui niliingiaje.

Mtu ambaye hajashona hawezi kujua uchungu ule. Mwanamume akimpa mwanamke mwingine maneno, maneno ni yake. Lakini koti lile nililipiga pasi mshono kwa mshono, ukosi wake niliufumua mara tatu mpaka ukalala, na sasa lilikuwa limekaa kwenye mabega ya mtu mwingine saa kumi na mbili asubuhi.

Phares alimwambia yule mwanamke, "Habari ya asubuhi," bila kumpa mkono, akaenda kukaa mbele, mbali na sote wawili. Niliwaangalia. Kila alipogeuza uso, nilifuata macho yake yalikokwenda. Hakumtazama hata mara moja, na mimi nikaona kwamba kutomtazama huko kulikuwa kwa makusudi mno. Watu wasio na kitu kati yao hutazamana bila hofu.

Injini iliwaka, tukaondoka. Jua lilitoka likaupaka uso wa Phares rangi ya shaba, na nilimwona vile nilivyomwona mara ya kwanza Makongeni kwenye foleni ya maji, akimbebea mama mmoja debe lake, na nilitamani niende nikae karibu naye, na nilijichukia kwa kutamani. Wajerumani waliinama juu ya kioo wakionyeshana samaki wa manjano. Sisi watatu hatukuinama.

Yule mwanamke aliinuka, akaja kuketi kando yangu na kikombe mkononi. "Wewe ndiye Nduta," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kimekaa pwani muda mrefu.

"Na wewe ndiye nani?"

"Adoyo. Utakunywa chai?"

"Sitaki chai. Nataka koti langu."

Aliliangalia lile koti kana kwamba hakujua amelivaa. "Hili?"

"Hilo. Nililishona mimi kwa mikono hii, na sikulishona liwe la kukufunika wewe baridi."

"Najua ulilishona wewe. Alikusifu sana. Alilivaa mara mbili, zote kanisani."

"Nani?"

"Mume wangu."

Nikaonyesha mbele ya mashua kwa kidevu. "Yule ni mume wako?"

"Yule ni shemeji yangu. Mume wangu ni Nahashon."

"Na Nahashon yuko wapi, mpaka wewe uvae koti lake kwenye joto hili?"

Adoyo alinitazama, kisha akamtazama Phares, na kwa mara ya kwanza niliona uso wake ukibadilika. "Hajakuambia," akasema. "Nilimwambia habari ya kifo akuambie mwenyewe, yangu ndiyo aniachie. Hata hiyo imemshinda." Akakiweka kile kikombe chini. "Tulimzika Novemba, dada. Malaria ilimpanda kichwani. Siku tano tu."

Nahodha alizima injini. Mashua ikateleza mpaka ikagusa mchanga wenyewe, ule mweupe, wenye vipande vya makombe. Wajerumani walishuka wakikimbia majini wakicheka. Mimi niliteremka nikaenda moja kwa moja kwa Phares.

"Kumbe na ile Novemba ulikuwa ukimzika kaka yako, nami ukaniambia uko kazini Kisumu?"

"Nilipita Kisumu," akasema. "Nikaenda nyumbani kumzika."

"Ulirudi ukala ugali kwetu. Mama alikuuliza mbona huongei, ukasema ni jino."

"Ningemwambia nini? Alisema aendelee kuwa mzima." Nilimwona Phares wangu akilia kwa mara ya kwanza, machozi yakishuka bila yeye kuyajali. "Alikufa, Nduta, na kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba nimekupoteza. Kabla hata ya kumlilia. Niliona haya, nikanyamaza. Halafu nikawa nimenyamaza sana, sikujua pa kuanzia."

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kumpiga kofi. Sikufanya hata moja, kwa sababu bado kulikuwa na kifungo na bado kulikuwa na mashua.

"Na huyu mnakutana naye kwa nini kwenye starehe za Wazungu?"

Adoyo ndiye aliyejibu. Alikuwa ameweka birika zake juu ya mawe, akiwasha jiko. "Kwa sababu hapa hakuna mlango," akasema.

Akanieleza, taratibu, huku akipuliza makaa. Kwao, mjane huvaa nguo ya marehemu mpaka ndugu wa mumewe amchukue. Kabla ya hapo haingii nyumba ya mtu. Wazee walikuwa wamekaa wakaamua ni Phares, kwa sababu ndiye ndugu pekee. Angekanyaga tu kizingiti cha chumba chake, hata kwa kuleta unga, wangehesabu amekwisha kumrithi na jambo limekwisha. Majirani zake wote walikuwa watu wa nyumbani na walikuwa na macho. Kwa hiyo alimwambia Phares kama ana neno aje alisemee anakouzia chai, mbele za watu, mahali pasipo na paa.

"Mimi simtaki huyu," Adoyo akasema. "Usikasirike, ni mtu mzuri. Lakini anakula pole pole mpaka chakula kinapoa, na anakoroma hata akiwa ameketi. Nilikuwa na mume. Sitaki wa kufananishwa naye."

"Na kifungo?"

"Kilikuwa kinaning'inia. Niliona aibu watu wakimwona hivyo, nikakishona akiwa amekaa pale pale unaposimama."

"Umekishona vibaya."

"Najua. Mimi ni mtu wa chai."

Sikutaka kutabasamu, nikageuza uso upande wa bahari. Shaka haiondoki kwa sababu tu umepewa majibu. Niliyazungusha majibu yale kichwani nikitafuta mahali palipoacha uzi.

"Basi mimi nimeletwa kufanya nini?" nikauliza. "Kama wewe humtaki, na yeye hakutaki, mngewaambia wazee."

"Tumewaambia," Phares akasema. "Wamekubali kitu kimoja, kwa sababu mchungaji aliwasihi sana. Mtu asiende. Koti lake liende. Koti la ndugu likilala usiku mmoja nyumbani kwa mjane, limening'inizwa ukutani, wamesema limetosha. Adoyo atavua hili la marehemu, atakuwa huru kwenda anakotaka na kuolewa na amtakaye."

"Na wewe?"

"Na mimi nitakuwa wako peke yako, kama Mama alivyotaka."

"Mbona basi hukumpa? Una koti. Ungempa wiki mbili zilizopita, mimi ningejuaje?"

Aliinamisha kichwa vile anavyoinamisha. "Nilikuja nalo. Nikashindwa kulitoa. Ni kazi ya mikono yako, Nduta. Nisingeweza kulilaza kwa mwanamke mwingine bila wewe kujua, hata kama ni ukutani." Akafungua begi lake akalitoa, limekunjwa vizuri, kijivu, bitana ya kijani. "Ukikataa, narudi nalo. Wazee watasema wanavyosema, na mimi nitasema sitaki, na watu wa kwetu hawatakuja kusimama na mimi Machi. Lakini sitalitoa."

Basi ikawa juu yangu. Makoti mawili yalikuwa mbele yangu, moja kwenye mabega ya mjane na moja kwenye mikono ya mwanamume niliyempenda, na mwanamke yule aliyenitazama alikuwa na jasho usoni kwa ajili ya vazi ambalo hakuruhusiwa kulivua. Nilimwonea huruma. Nasema kweli nilimwonea huruma, na bado sikuwaamini wale wazee hata kidogo.

"Lete," nikamwambia Phares.

Nilikaa kwenye mchanga. Chini ya ukosi wa gauni langu huwa nina sindano, popote niendapo, na siku hiyo ilikuwa na uzi mwekundu. Nikalitandaza koti magotini, nikashika mkono wake wa kulia, nikaanza kuushona mwishoni, pale kiganja kinapotokea.

"Unafanya nini?" Phares akauliza.

"Leo wanasema koti linatosha. Kesho mmoja atasimama aseme usiku ule alimwona mtu ndani yake." Nikavuta uzi. "Nalifunga. Wakija kulitazama, waone hakuna mkono uliopita."

Adoyo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka Wajerumani wakageuka majini kututazama, na nikajua kwamba hakuwa amecheka tangu Novemba. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, akanishikia na kuukaza mkono wa kushoto wa lile koti nipate kuushona vizuri.

"Unavuka uzi," akasema, akiniangalia. "Halafu unazungusha. Ni hivyo?"

"Mara nne. Ndiyo kifungo kisilegee."

Tulishona mikono yote miwili, kisha mbele kuanzia ukosi mpaka chini. Alikata uzi kwa meno yake. Alilikunja koti akaliweka ndani ya beseni, juu ya mahamri yaliyobaki, akalifunika kwa kile kitambaa.

Phares alikuwa amesimama akitungojea, na hakujua pa kuweka mikono. "Kwa hiyo Machi wazee waje?" akauliza.

"Waje. Lakini wewe ndiye utakayemwambia Mama kwamba Nahashon hakuendelea kuwa mzima. Si mimi. Utaketi kwenye kile kiti chetu kibovu umwambie yote, mpaka koti, na mimi nitakuwa hapo nikikuangalia macho."

"Atanifukuza."

"Anaweza," nikasema. Hapo nikamshika mkono, ule wenye kifungo cha uzi mweusi. Kilikuwa kimeshonwa vibaya kweli, nami nilikiacha vile vile.

Maji yalipoanza kurudi, nahodha alituita. Karibu na mashua niliinama kukung'uta pindo la gauni langu, maana lilikuwa limejaa mchanga mweupe pande zote. Nilikung'uta mara moja, kisha nikauacha uliobaki unifuate nyumbani. Mama naye ana macho, na mimi nilikuwa nimemwambia niko Machakos.